Kwa mwalimu mgeni anayepangiwa Wajir

Barua ya TSC, tume inayoajiri walimu Kenya, ikitoka na shule yenyewe iko Wajir, Mandera au Garissa, kaskazini mashariki kwa Wasomali, simu zitaanza kulia. Shangazi atakusihi ukatae. Mjomba atasema watu wa huko ni wakali, hawapendi shule na wote wanajuana na al-Shabaab. Waulize walifika huko lini, utasikia kimya. Kule nako wanafunzi wanakungoja na yao: mtu wa "nywele ngumu", yaani asiye Msomali, hufuata marupurupu ya mazingira magumu, hunywa pombe, na siku akipata uhamisho huondoka bila kuaga. Hujaandika hata tarehe ubaoni, na hukumu zimeshapita pande zote mbili.

Nimefundisha huko kwa muda, na ninalotaka ulishike ni kwamba dharau hukunyima habari. Tusi utalisikia, litauma, litapoa. Yale ambayo watu wameamua kutokuambia hutayajua hata kama yapo.

Chukua darasa la gredi ya nne. Mtoto anaongea Kisomali nyumbani, ameamka mapema kwenda duksi, madrasa ya Kurani, kisha anakuja kwako kukutana na Kiswahili na Kiingereza asubuhi hiyo hiyo. Ukimuuliza swali ananyamaza. Mwalimu aliyekuja na hukumu yake mfukoni anaandika "mzito" na kuendelea. Mimi huwaacha wawili wawili wajadiliane kwa Kisomali kwanza, halafu mmoja ananieleza kwa Kiswahili alichonacho, kiwe kimevunjika namna gani. Wengi wa hao wazito jibu wanalo. Na tafadhali, usiwape mifano ya ngamia kila somo. Wa mjini ni watoto wa madereva na wenye maduka, ngamia zako zinawachosha.

Wazazi pia. Mkutano umeitishwa, wamekuja watatu, na chumba cha walimu kinatoa uamuzi: hawajali elimu. Uliza kwanza barua iliandikwa kwa lugha gani, na kama mkutano uliwekwa Ijumaa adhuhuri. Shule moja niliyofundisha iliacha barua, ikamtuma mzee wa bodi azungumze na watu baada ya swala. Mkutano uliofuata tuliazima viti.

Kisha jifunze kwa nini mzee anakupima kwa macho kabla ya kuitikia salamu. Kwa miaka mingi serikali ilimjia ikiwa na sura kama yako. Hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini mwaka 1963 haikuondolewa mpaka 1991. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, hapo hapo Wajir, na wengi hawakurudi makwao. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa upya na kupewa kadi ya ziada ya kuthibitisha uraia. Mwaka 2014, katika msako wa Eastleigh, mtaa wa Wasomali wengi Nairobi, watu walizuiliwa uwanjani Kasarani. Ukimtania mtu wa huko, "Wewe ni Mkenya ama Msomali?", yeye hasikii utani.

Na wewe una hofu yako, tena ina sababu. Novemba 2014 abiria 28 wasio Waislamu waliteremshwa kwenye basi karibu na Mandera na kuuawa na al-Shabaab, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Sikwambii usahau. Nakuomba tu ukumbuke pia basi la Desemba 2015 karibu na El Wak, ambapo washambuliaji waliwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, wakakataa. Mmoja wao, Salah Farah, alipigwa risasi siku ile na akafariki Januari 2016. Alikuwa mwalimu, kama wewe.

Sasa fikiria habari za usalama zinavyosafiri. Hazibandikwi kwenye ubao wa matangazo. Zinapitia kwa mama wa maziwa, kwa mlinzi, kwa mzazi anayekunong'oneza, "Maalim, kesho usisafiri." Anayeambiwa ni yule anayekaa na watu wakanywa chai. Walimu wageni wakijifungia kota, wakawa wanaongea Kikamba au Kiluo mbele ya wenyeji na kucheka, nani atajisumbua kuwagongea mlango?

Siku moja mtoto atakuita gaal, yaani kafiri. Usimpige, wala usijifanye hukusikia. Mpeleke kwa mwalimu wa dini, mweleze alichosema, umwachie. Huyo atalimaliza vizuri kuliko wewe. Kazi ngumu zaidi ni mwenzako wa kutoka kwenu anayeanza kila sentensi na "hawa watu". Huyo hana mwalimu wa dini wa kupelekewa. Muulize ni nani hasa, amtaje jina. Mara nyingi utakuta ni mwenye duka mmoja tu, na waligombana kwa ajili ya deni.