Saa ya mfumo ikibadilika, seva ya DNS huathirikaje?

Saa ikiruka, seva ya DNS, yaani ile inayogeuza majina ya vikoa kuwa anwani za IP, inaweza kushindwa kutafuta majina, hasa ikiwa inahakiki saini za DNSSEC (ulinzi unaothibitisha kuwa majibu ya DNS hayajaghushiwa), kwa sababu kila saini hubeba wakati wa kuanza na wa kuisha kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia). Saa ikirudi nyuma mwaka mmoja, saini halali huonekana kuwa hazijaanza kutumika, na mteja hurudishiwa SERVFAIL (ujumbe kwamba seva imeshindwa kujibu) ilhali kikoa chenyewe hakina kasoro yoyote. Nimeliona hili kwenye kompyuta ndogo isiyo na betri ya saa: iliwaka ikidhani ni mwaka 1970, kisha ikashindwa kupata anwani ya seva ya NTP, ambayo ndiyo ingeirekebishia saa. Niliikwamua kwa kuandika anwani ya IP ya seva hiyo badala ya jina lake.

Uhamishaji wa kanda (kunakili rekodi za kikoa kutoka seva moja ya DNS hadi nyingine) uliolindwa kwa TSIG (saini ya ufunguo wa siri wa pamoja inayobeba wakati) nao hukataliwa kwa kosa la BADTIME, kwani tofauti inayovumiliwa kwa kawaida ni sekunde 300 tu. Kwa majibu yaliyohifadhiwa kwenye akiba athari ni ndogo zaidi: programu inayohesabu TTL (muda ambao jibu linaruhusiwa kukaa kwenye akiba) kwa saa ya mfumo itayatupa mapema saa ikisogezwa mbele, na itayang'ang'ania kupita muda wake ikirudishwa nyuma.

Kubadilisha ukanda wa saa pekee hakudhuru kitu, maana hesabu hizi hazitegemei saa za mahali, isipokuwa mtu aamue kuisogeza saa yenyewe kwa mkono ili kioo kionyeshe wakati anaoutaka.