Makedi Wapya, Shimo Husomwa Kuanzia Bendera

Wadogo zangu, Jumamosi, kwenye uwanja wetu wa gofu, nilisimama nyuma ya tii (mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza) ya shimo la 4 nikawatazama. Makedi sita wapya, wabeba mifuko ya wachezaji, walipita, na wote sita walichomoa draiva, fimbo ya kupiga mbali kuliko zote, kabla mwenye mfuko hajavaa glavu. Shimo lile ni la kumalizwa kwa mikwaju 4, yadi 330, limepinda kulia, na draiva iliyonyooka ndiyo inayoingia mitini. Miaka mingi iliyopita nami nilifanya vivyo hivyo pale pale, na waliokuwa wakubwa wangu wakanyamaza. Mimi sitanyamaza.

1. Anza kwenye bendera, urudi nyuma. Kama fimbo namba 9 ya mchezaji wako inatua vizuri kwa yadi 120, basi kazi ya mkwaju wa tii pale shimo la 4 ni yadi 210 tu, upande wa kushoto wa feawei, ile njia ya majani mafupi. Draiva ya nini?

2. Bendera na shabaha ni vitu viwili. Mnakumbuka mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, mwaka 2019, siku ya mwisho, shimo la 12? Halifiki yadi 160. Bendera ilikuwa kulia, mahali ambapo mpira mfupi unateremka hadi kijitoni. Koepka, Poulter, Molinari na Finau wote waliingia majini. Tiger Woods akalenga kushoto, juu ya banka ya mchanga, mbali na bendera, akamaliza kwa mikwaju mitatu, na siku hiyo hiyo akavaa koti la kijani la bingwa. Katikati ya grini, yale majani laini yenye bendera, hapajawahi kumfukuzisha kedi kazi.

3. Ukishuka pwani, acha yadi za Nairobi nyumbani. Huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unaruka mbali zaidi. Namba 7 inayokupa 150 huku, kule Nyali au Vipingo ihesabie 140, na hapo hujauliza upepo.

Hili nililipia, na aliyelipa zaidi si mimi. Nilikuwa nambebea mfuko mama mmoja, hendikapu 12 (kipimo cha uwezo wa mchezaji), mtu aliyenisomesha feawei kwa feawei. Tulishuka pwani kwa mashindano ya siku mbili. Tukafika shimo la mwisho, la mikwaju 4, na mikwaju sita ilitosha kumpa kombe. Mkwaju wake wa tii ulikaa vizuri. Mbele kulikuwa na bwawa lenye vigingi vya njano, yaani eneo la adhabu. Kulivuka kulitaka yadi 140. Kusi ilikuwa inatupuliza usoni.

Akaniuliza, "Mwanangu, tulaze mbele ya maji au tuvuke?"

Nikampa wudi namba 5, fimbo ya kupiga mbali. Nairobi ilikuwa inampa 150 bila jasho. "Vuka, Mama." Mpira ulikwenda vizuri kabisa, ukapanda, ukasimama hewani, ukadondoka majini hatua chache kabla ya ukingo.

Kosa hilo lilikuwa la hesabu, na kila kedi atalifanya siku moja. Lililofuata ndilo linaloniamsha usiku hadi leo. Kanuni ilituruhusu kufuata mstari wa bendera na pale mpira ulipoingilia, tukadondosha karibu na ukingo wa huku, tukabaki na mkwaju wa yadi 70 wa weji, fimbo ya kupiga karibu. Adhabu ni ile ile, mkwaju mmoja. Nilijua. Lakini watu walikuwa wamejaa kwenye veranda ya klabu, wananitazama, nami nilitaka waone kwamba fimbo niliyochagua ilikuwa sahihi. Nikamwambia turudi pale pale, tupige ile ile, safari hii kwa nguvu zaidi. Akaniamini. Ukaingia majini tena. Mkwaju wa sita ndio uliofika grini, pati mbili za kusukuma mpira shimoni, jumla nane. Alishindwa kwa mkwaju mmoja.

Hakunigombeza. Alinilipa ujira wangu wote, akaninunulia chai, na kwenye basi, tukiwa tumeshaipita Voi, akaniuliza jambo moja: "Ule wa pili, ulikuwa unanishauri mimi, au ulikuwa unajitetea wewe?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi kijana mmoja wenu alimpa mzee draiva shimo la 4, mpira ukapotea, akampa draiva ile ile tena. Nilitaka kuvuka kamba nimshike mkono.

4. Rafu, yale majani marefu kando ya feawei, ikiwa ya nyasi za kikuyu, inashika fimbo kama mtoto anayeshika sketi ya mamaye. Chukua weji, rudi kwenye feawei, usahau grini.

5. Ukihisi mpira umepotea, pigeni wa akiba kabla ya kuondoka, kwa sababu tangu 2019 mna dakika tatu tu za kutafuta.

6. Daftari. Kila shimo na ukurasa wake: wapi ukikosea unapona, wapi ukikosea umekwisha. Langu la kwanza lililoa mvua nikaanza upya.

Jumatatu uwanja ukiwa mtupu, saa moja asubuhi, nitakuwa kwenye grini ya 18. Tutatembea kinyume, kutoka kila shimo hadi tii yake, bila fimbo hata moja. Wale sita wa Jumamosi nawataka mbele.