Wasomaji Wauliza: Mwekezaji wa Nje, Leseni na Mazingira Yetu

Nasikia serikali ikimfutia mwekezaji wa nje leseni kwa sababu ya mazingira, yeye hukimbilia Washington kudai mabilioni. Basi kulinda msitu kuna faida gani, ikiwa mlipa kodi ndiye atakayelipa?
*Msomaji, Likoni*

Kudai atadai. Kulipwa ni jambo jingine, na mfano uko jirani tu, Kilima cha Mrima kule Kwale.

Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalumu ya kuchimba niobiamu na madini adimu pale Mrima. Agosti mwaka huohuo leseni ikafutwa. Wenye kampuni waliushika mkataba wa uwekezaji wa Kenya na Uingereza wa 1999, unaomlinda mwekezaji wa nchi moja akiwa katika nchi nyingine, wakaishtaki Kenya kwenye ICSID, kituo cha usuluhishi kilichoko huko Washington chini ya Benki ya Dunia, ambacho Kenya ni mwanachama wake tangu 1967. Walidai zaidi ya dola bilioni 2.

Oktoba 2018 walishindwa, na 2021 ombi lao la kutengua uamuzi huo nalo likagonga mwamba. Wasuluhishi hawakufika hata kwenye hesabu ya thamani ya madini. Walianza na leseni yenyewe: je, ilitolewa kihalali? Mrima ni msitu wa hifadhi na ni eneo la kumbukumbu ya taifa, na masharti ya sheria, ya mazingira yakiwemo, hayakuwa yametimizwa siku leseni inatolewa. Leseni ya namna hiyo ni batili tangu mwanzo, kwa hiyo mkataba haukuwa na kitu cha kulinda.

Lakini usidhani kila kesi huenda hivyo. Vuka mpaka uende Ntaka Hill, mkoani Lindi. Wawekezaji wa mradi wa nikeli walikuwa na leseni halali ya kushikilia eneo kabla ya kuanza kuchimba, kisha mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 yakaifuta aina hiyo ya leseni. Mwaka 2023 Tanzania iliamriwa kulipa takriban dola milioni 109, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana kwa milioni 90. Leseni iliyotolewa sawasawa haifutwi kwa tangazo la jioni. Mwenyewe apewe notisi ya maandishi yenye sababu, apewe nafasi ya kujitetea, na kipimo kiwe kilekile kwa mgeni na mwenyeji.

Maafisa nao wachunge kalamu zao. Barua ya "mradi wako hauna kipingamizi", iliyoandikwa kabla ya tathmini ya mazingira kukamilika, huja kusomwa mbele ya wasuluhishi kama ahadi ya serikali nzima, hata kama aliyeitia sahihi hakuwa na mamlaka hayo.

Mradi ukiharibu maji tunayovua, sisi wavuvi twaweza kumshtaki mwekezaji hukohuko?
*Mwanachama wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), Mtongwe*

Hapana. Mlango wa mikataba hii humfungukia mwekezaji dhidi ya serikali. Mvuvi hana kiti. Kilicho karibu zaidi ni kuomba kuwasilisha maoni kama mtu wa nje ya kesi. Mwaka 2007, katika kesi ya Biwater Gauff kuhusu maji ya Dar es Salaam, mashirika ya kiraia yaliruhusiwa kufanya hivyo kwa maandishi, ila si kuketi kama wadai.

Nguvu yenu iko nyumbani, na huanza kabla tingatinga la kwanza halijafika. Andikieni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mkiomba nakala ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Pelekeni barua nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Bila mhuri ule, siku 21 hazina pa kuanzia.

Maoni yenu yawe ya kupimika: madau mangapi yanavua pale, miezi gani, kwa nyavu za aina gani, samaki gani wanazaa kwenye mikoko ipi. "Tunapinga mradi" peke yake ni rahisi mno kuwekwa kando.

Tena muwe macho na karatasi ya mahudhurio. Watu hutia sahihi barazani kwa ajili ya soda na nauli, na karatasi ileile huja kuambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba wananchi wameridhia. Kwenye mstari wako andika "nimehudhuria, sijakubali", kisha upige picha ukurasa wote.

Leseni ya NEMA ikitolewa na hamkuridhika, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira. Msizimalize kwa vikao vya kungoja mheshimiwa. Watu wa Lamu waliitumia njia hiyo, na 2019 Baraza likaifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Madhara yakishatokea, Kifungu cha 70 cha Katiba kinakupeleka Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wakazi wa Owino Uhuru, hapahapa Mombasa, walioathirika na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024 baada ya kutenguliwa kwenye rufaa. Ni njia ndefu, ndiyo maana nawahimiza mwanze na NEMA.

Mwekezaji ataka ardhi ya jamii yetu kwa umeme wa jua. Wazee watatu wametia sahihi. Yatosha?
*Msomaji, Kilifi*

Haitoshi hata kidogo, ikiwa ardhi hiyo imo chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kifungu cha 36 kinataka thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii waidhinishe, kwenye mkutano ulioitwa kwa jambo hilo. Mkataba wenyewe utaje tathmini ya athari, fidia, na nani atairudisha ardhi katika hali yake mradi ukiisha.

Kwa nini Kenya isijitoe tu kwenye mikataba hii?
*Mwanafunzi, Tudor*

Kujitoa yaweza, lakini mkataba hufa polepole. Tanzania iliusitisha wake na Uholanzi kuanzia Aprili 2019, ila uwekezaji uliokuwapo tayari unaendelea kulindwa kwa miaka 15. Mimi naona kuandika upya kuna tija zaidi. Mkataba ambao Morocco na Nigeria zilitia sahihi 2016 unamtaka mwekezaji afanye tathmini ya mazingira, na unaruhusu ashtakiwe katika nchi yake ya asili kwa madhara makubwa aliyoyasababisha ugenini. Itifaki ya uwekezaji ya Eneo Huru la Biashara Afrika, iliyopitishwa Februari 2023, nayo inampa mwekezaji wajibu, si haki tupu. Kamati ya Bunge ikiita maoni kuhusu mkataba mpya, soma kwanza fasili ya "uwekezaji". Ikiwa haina maneno "uliofanywa kwa kufuata sheria za nchi mwenyeji", hapo ndipo pa kuandikia pingamizi lako.