Aliyetoka Butimba ni muuaji mtarajiwa?

Swali: Mpangaji wangu wa chumba cha uani ametoka Gereza la Butimba, alikofungwa kwa kuiba injini ya boti. Majirani wananisakama nimtoe, eti mwizi wa jana ndiye muuaji wa kesho. Kuna ukweli?
*Mama mwenye nyumba, Kirumba*

Jibu: Upo, lakini nusu, mama. Mtafiti wa uhalifu Marvin Wolfgang alipochambua vifo 588 vya mauaji katika jiji la Philadelphia, Marekani, vya mwaka 1948 hadi 1952, alikuta wauaji wapatao 64 kati ya 100 walishawahi kukamatwa na polisi. Majirani wako wanaishia hapo. Wasichokitaja ni kwamba hata waliouawa, 47 kati ya 100 walishawahi kukamatwa.

Tena hesabu hiyo inaanzia kwa muuaji na kurudi nyuma, wakati wewe unauliza ya mbele: aliyetoka jela ataua? Wafungwa walioachiwa mwaka 1994 katika majimbo 15 ya Marekani walifuatiliwa miaka 3. Wengi walikamatwa tena kwa makosa mbalimbali, ila kati ya waliokuwa wamefungwa kwa kuua, 1.2 tu kwa 100 ndio waliokamatwa kwa mauaji mapya. Ikiwa muuaji yuko hivyo, huyo wa injini mwache alale. Pampu yako ya maji ifunge mnyororo, hapo hakuna atakayekulaumu.

Uliza kosa lilikuwa lipi, na alimfanyia nani. Dalili nzito kuliko wizi wowote ni mwanamume kumkaba mwenzi wake shingo. Utafiti wa Nancy Glass na wenzake, Marekani, 2008, ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa yuko kwenye hatari ya kuuawa na mwenzi huyo mara 7 hivi kuliko anayepigwa bila kukabwa. Na mkabaji huyo mara nyingi jalada lake polisi ni jeupe, maana shauri liliishia kwenye kikao cha ukoo kwa faini ya mbuzi.

Kwa hiyo aliyekabwa aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo hiyo, achukue RB (namba ya taarifa yake polisi) na PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza), kisha hospitali. Shingo inaweza isiwe na alama hata moja. Amtajie daktari kila kitu: sauti imekauka, kumeza kunauma, macho yana damu, alizimia, mkojo ulimtoka. Ahakikishe neno "kukabwa" limeandikwa. Fomu ikisema "amepigwa" tu, mahakamani kesi inakuwa ya kofi.

Swali: Kaka yangu ana kesi ya mauaji, na zamani alifungwa kwa kujeruhi. Watamsomea hilo?
*Msomaji, Igogo*

Jibu: Si wakati wa kuthibitisha kosa. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hairuhusu tabia mbaya ya mshtakiwa itumike dhidi yake, isipokuwa katika hali chache, mojawapo upande wake ukitangulia kuleta ushahidi wa tabia njema. Mtego uko hapo: shahidi wenu akipanda kizimbani na kusema "huyu mpole, hajawahi kumgusa mtu", mlango mmeufungua wenyewe, na kifungo cha zamani kitaingia. Mkumbusheni wakili mapema.

Akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, rekodi haibadilishi kitu, adhabu ni kunyongwa. Ikiwa ni kuua bila kukusudia, ambako adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, rekodi husomwa kabla ya hukumu ya adhabu, na ina uzito mkubwa.