Je, moshi wa sigara unaweza kufungua vinyunyizio vyote vya jengo?

SWALI: Ndugu Mhariri, dari ya ofisi yetu imefungwa vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto. Wenzangu wanaamini kwamba mtu akivuta sigara chini ya kimoja, vyote vitafunguka na kulowesha jengo zima. Je, ni kweli, na vifaa hivi vilianzia wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli. Katika mfumo wa kawaida kinyunyizio hufunguliwa na joto, si moshi, na kila kimoja hufunguka peke yake. Ukikitazama kwa karibu utaona kichupa chembamba cha kioo chenye kimiminika cha rangi, nacho ndicho kinachoshikilia kizibo kisiachie maji. Joto likipanda, kimiminika hutanuka hadi kioo kipasuke: chekundu hupasuka kwenye nyuzi 68 za Selsiasi, na cha kijani, kinachofungwa penye joto zaidi, kwenye nyuzi 93.

Hofu ya wenzako ingekuwa na msingi katika karne ya 19. Mwaka 1812 William Congreve alipata hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ya mfumo wa mabomba yaliyotobolewa matundu kwa ajili ya jumba la maonyesho la Drury Lane, London, na baadaye viwanda vya nguo vya Marekani vikatumia mabomba ya aina hiyo. Ilibidi mtu afungue valvu kwa mkono, na akishaifungua, maji yalitoka katika kila tundu, hata pasipokuwa na moto. Mwaka 1874 Henry Parmelee, mwenye kiwanda cha piano mjini New Haven, alipata hataza ya kinyunyizio kilichojifungua chenyewe baada ya risasi ya kulehemu kuyeyuka, kisha Frederick Grinnell akakiboresha.

Lililosukuma maendeleo hayo, kwa sehemu kubwa, lilikuwa kulinda mali, na kampuni za bima zilihusika sana. Uhai wa wafanyakazi ulikuja kuzingatiwa kwa kuchelewa mno, na jambo hilo linauma. Mwaka 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, kiliungua kikiwa katika ghorofa tatu za juu za jengo la ghorofa 10 lililosifiwa kuwa haliungui. Jengo lilibaki limesimama, lakini watu 146 walikufa: hapakuwa na vinyunyizio, mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto hazikufika zilikokuwa ghorofa hizo. Baada ya hapo sheria za jimbo zilianza kudai vinyunyizio, milango inayofunguka kirahisi na mazoezi ya kujiokoa.

Kwa hiyo waambie wenzako wahofie mambo mengine: kinyunyizio kilichopakwa rangi wakati wa ukarabati, ambacho huenda kikachelewa kufunguka au kisifunguke kabisa, na maboksi yaliyorundikwa hadi karibu na dari yakazuia maji kusambaa. Acheni nafasi ya sentimita 46 hivi chini ya kila kinyunyizio, na kilichopakwa rangi kibadilishwe, kisikwanguliwe.