Muulize Shangazi: Mbuzi wa kuwachangamsha mafundi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasimamia gereji hapa Arua, Uganda, mafundi 11 na dada mmoja wa hesabu. Riziki yetu ilitoka kwenye magari ya mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Rhino Camp na Imvepi. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, Land Cruiser tano kwa wiki zimekuwa moja, pengine hakuna. Mafundi wananong'ona, spana zinapotea, na fundi wangu wa injini, mwenye miaka 12 hapa, siku hizi anafika saa nne. Mwenye gereji amenikataza kuzungumzia fedha. Nataka kununua mbuzi na fulana mpya, tule pamoja Jumamosi, mioyo irudi. Waonaje? Msimamizi, Arua.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mbuzi huyo muache kwanza.

Machi 2020 nilikuwa nasimamia jiko la hoteli moja Entebbe. Uwanja wa ndege ulipofungiwa abiria, vyumba vikabaki vitupu. Bosi akatufanyia karamu: kuku, soda, hotuba kwamba sisi ni familia moja. Wiki mbili baadaye wenzetu tisa wakapata ujumbe kwenye simu: msirudi. Oktoba uwanja ulipofunguliwa niliitwa tena, nikaenda kwa sababu nilikuwa na watoto wa kulisha. Lakini kila bosi alipoingia jikoni akitabasamu, tulitazamana kuulizana safari hii ni zamu ya nani. Mafundi wako watamla mbuzi wako hivyo hivyo, huku wakihesabu nani ataondoka.

Rudi kwa mwenye gereji. Mweleze kwa heshima kwamba hana siri ya kulinda, kwani uwanja mtupu wa gereji kila fundi anauona. Wasichokijua ni mishahara ya miezi mingapi ipo, na nani ataamua ikiisha. Mwombe aseme mwenyewe, asubuhi kabla ya kazi, kwa hesabu kamili. Kama ni miezi miwili, aseme miwili. Kisha apange siku, tuseme tarehe 15 ya kila mwezi, ya kuwaeleza tena, hata kama hakuna jipya. Akiikosa tarehe hiyo mara moja tu, minong'ono itarudi.

Kuna deni lingine la kukagua kabla ya kikao. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, na mwajiri huongeza 10. Je, zinafika? Fundi anaweza kuangalia salio lake kwenye simu, na akikuta miezi imerukwa hatakusikiliza tena. Mjue pia kwamba kwa Sheria ya Ajira ya 2006, aliyetumika miaka 10 au zaidi hupewa notisi ya miezi mitatu, aliyetumika kati ya mmoja na mitano, mwezi mmoja. Waambieni hivyo waziwazi. Mtu akijua hataachishwa kazi kwa ujumbe wa usiku, analala.

Fundi wa injini muite peke yake, usianze na saa nne. Pengine anatafuta kazi kwingine asubuhi, na baba wa watoto ana haki hiyo. Muulize anaona kazi gani mjini ambayo gereji yenu imeidharau: boda boda, mabasi ya Kampala, malori yanayovuka mpaka kwenda Ariwara, Kongo. Madereva hao ni majirani zake. Akileta gari, apate fungu lake, likubaliwe kwa maandishi kabla boneti haijafunguliwa.

Spana usizisake mifukoni mwa watu. Pesa ya mbuzi nunua seti mpya, kila fundi atie sahihi ya zake.

Niandikie baada ya kikao cha kwanza, uniambie mwenye gereji alikuja mwenyewe au alikutuma wewe.