Dada, Usiigize Lafudhi ya Milimani

Wiki jana msomaji wangu wa Kakamega aliniandikia. Ameitwa mahojiano ya kazi ya kupokea simu za wateja, lakini anaogopa, kwa kuwa kila akiongea Kiingereza watu husema anashrabu, yaani lafudhi ya lugha ya mama inajitokeza.

Dada yangu, yaliyokupata nayajua. Nimelelewa Nyalenda, hapa Kisumu. Kijaluo hakina sauti ya "sh", kwa hiyo "fish" kwetu ilikuwa "fis". Darasani hakuna aliyeshangaa, maana hata mwalimu alitamka hivyo hivyo. Nilishangazwa siku ya mahojiano yangu ya kwanza. Nilitaja "shilling", mama mmoja kwenye meza akaniambia nirudie. Nikarudia: "siling". Wakatazamana. Kazi akapewa kijana aliyesoma akademi za Milimani, mtaa wa wenye pesa. Kuhusu huduma kwa wateja hawakuniuliza hata swali moja, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Chuoni ndiko nilikosoma habari za William Labov, mwanaisimu wa Marekani. Mwaka 1962 alizunguka maduka matatu ya New York: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati na S. Klein la bei nafuu. Aliwauliza wauzaji kuhusu bidhaa aliyojua iko ghorofa ya nne, ili wamjibu "fourth floor". Wa Saks ndio walioitamka "r" zaidi, wa Klein wakawa wa mwisho. Lakini nenda Uingereza: huko lafudhi ya wenye hadhi ndiyo inayoiacha "r" hiyo! Sauti ni ile ile. Heshima inafuata mfuko wa anayeitamka.

Mwezi uliopita nimepandishwa cheo kuwa msimamizi wa wapokea simu, na Kiingereza changu bado ni cha Nyalenda. Ongea polepole. Usimeze mwisho wa neno. Sauti inayokusumbua ifanyie mazoezi. Mimi "sh" niliizoea kwa kusoma bei kwa sauti pale soko la Kibuye. Tena nasema, ongea polepole. Ila lafudhi za kuigiza watangazaji wa runinga achana nazo kabisa. Mteja wa Bondo ambaye pesa zake zimepotea anataka akuelewe, basi. Nanyi wazazi mnaowacheka watoto wakitamka kama nyanya zao, acheni.

Wanaokuhoji wakikwambia urudie, rudia bila kuinamisha kichwa, kisha waeleze hatua kwa hatua utakavyomsaidia mteja aliyetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi.